Mfuate Dereva wa Gari la Maji Taka

Anayetaka kujua kama mtaa ulipangwa na mtu anayeijua kazi asianze na ramani. Amfuate dereva wa gari la maji taka. Dereva huyo hana muda wa kusifia wala kulaumu. Anachotaka ni kulisogelea shimo la choo hadi mpira wake ufike, ajaze tangi, ageuze gari, aondoke. Pale Sinza, Dar es Salaam, anafika mlangoni. Akienda Manzese, ambako si mbali, akiacha barabara kubwa na kuingia ndani ndani, atakuta nyumba zinazomlazimu aegeshe mbali na kuunga mpira kwa mpira kupitia uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Nyingine hafiki kabisa, ndiyo maana masika yakikolea utasikia watu wanatapisha vyoo usiku.

Tofauti hiyo ina umri wa nusu karne. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Sinza na Kijitonyama ilikuwa ardhi ambayo haijajaa watu, ikapimwa viwanja vidogo vyenye barabara na maji, kisha watu wakaachiwa wajenge wenyewe kwa uwezo wao. Manzese na Mtoni watu walikuwa wamekwisha kaa, kwa hiyo zikapenyezwa barabara chache na huduma katikati ya nyumba zilizokuwepo. Mwaka 2021 wachumi kadhaa walichapisha utafiti uliolinganisha maeneo ya namna hizo mbili katika miji saba ya Tanzania, zaidi ya miaka 30 baada ya mradi. Kule kulikopimwa kabla ya watu kuja, nyumba ni kubwa na bora zaidi na mpangilio umeshika hadi leo. Kule kulikorekebishwa baada ya watu kujaa, hali haikuonekana kupishana sana na mitaa jirani ambayo mradi haukuigusa.

Si kwamba Sinza ni pepo. Baadhi ya wale wa kipato cha chini waliokusudiwa waliuza viwanja mapema, na leo uso wa barabara umejaa fremu, baa na nyumba za wageni ambazo hakuna aliyezichora. Lakini hilo mimi nalihesabu upande wa sifa. Mchoro uliotengenezewa nyumba za watu wa kawaida umebeba maduka, maghorofa na magari ya kila aina, na bado mtu anapita. Kazi nzuri ya mipangomiji huacha nafasi ya mambo ambayo mpangaji hakuyafikiria, na nafasi hiyo karibu kila mara ni njia: barabara, mtaro, mkuza wa bomba, vilivyowekwa mahali pake wakati ardhi bado ni rahisi. Nyumba mbovu itabomolewa na mwenye nyumba mwenyewe akipata hela. Njia ambayo haikuachwa hairudi ila kwa greda, fidia na kesi mahakamani.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa afisa mipangomiji wa ngazi ya mkakati, yule anayetazama jiji zima kwa miaka 20 na si kiwanja kimoja kwa wiki moja: kabla watu hawajafika amepanga nini, na baada ya kufika anakimbizana na nini?

Sasa tuje kwenye ramani, maana najua hamtaacha kuitazama. Ofisi nyingi za halmashauri zina moja ukutani, kubwa, yenye rangi: rangi hii makazi, ile biashara, nyingine viwanda, nyingine mapumziko. Mgeni huisogelea akatafuta mtaa wake. Mjuzi huomba kitabu kilichofuatana nayo, akakifungua kuanzia nyuma. Huko nyuma ndiko kuna jedwali la utekelezaji, na ndiko uwezo wa mtu huonekana. Je, kila jambo lina mwenyewe, kwa jina la idara au wakala? Je, kuna shilingi, na zinatoka fungu gani? Je, kuna utaratibu wa nini kitangulie nini? Ukikuta ukurasa umejaa "wadau wote", "washirika wa maendeleo" na "kuhamasisha sekta binafsi", funga kitabu. Aliyekiandika alikuwa anamaliza mkataba.

Dar es Salaam ilipata mipango kabambe mitatu katika miaka 30: wa 1949 uliotengenezwa na kampuni ya Alexander Gibb ya Uingereza, wa 1968 na wa 1979 iliyotengenezwa na makampuni ya Kanada. Uliofuata ni wa 2016 hadi 2036. Katikati hapo jiji lilikaa miongo zaidi ya mitatu likiendeshwa na mpango uliopitwa na wakati, na ni kipindi hichohicho ndipo makazi holela yalipofunika vilima. Miaka ya 1990 ulifanyika mradi wa Jiji Endelevu, ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ukajaribu njia nyingine: badala ya kitabu kimoja kikubwa, vikundi vya kazi vya watu wanaohusika na tatizo lenyewe, iwe taka, maji au usafiri. Matokeo yake yalikuwa ya kupanda na kushuka. Ila pale Hananasifu, Kinondoni, mitaro ya mvua na barabara za ndani zilijengwa na wakazi wenyewe kwa ujira, na ukitaka kumfundisha kijana maana ya ushirikishwaji mpeleke pale kabla hujampa semina.

Tukija kwenye tarakimu, takwimu za watu ndipo wapangaji wengi huanguka bila kujua wameanguka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo ni la asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati muongo uliotangulia lilikuwa asilimia 5.6. Mtu mwenye haraka atasema jiji limepunguza mwendo. Mtazame jirani. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012 na 2,024,947 mwaka 2022, karibu umeongezeka maradufu. Wengi wao hawakufuata korosho. Wamejenga Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, wanaamka saa kumi alfajiri, wanapanda gari kuja mjini. Jiji limevuka mpaka wake wa kiutawala, na daladala ilijua kabla ya halmashauri.

Kwa hiyo chukua ramani ya mpango, tazama mpaka wa mkoa. Ikiwa barabara zote, mabomba yote na rangi zote zinakatika pale kwenye mstari, na ng'ambo yake pameachwa peupe kana kwamba ni bahari, huyo aliyeichora amepanga eneo la mamlaka yake, hajapanga jiji. Mpangaji wa mkakati aliyebobea atakuwa na barua kwenye jalada lake zilizokwenda Kibaha na Mkuranga kuulizia dampo, kituo cha mabasi na chanzo cha maji. Omba kuziona. Barua hizo hazina picha za kupendeza, ila nazipa uzito kuliko sura nzima ya "dira".

Nataka tukae kidogo na mchoro wenyewe wa mipangomiji, ule wa kina unaotumika kupima viwanja, aghalabu kwa kipimo cha 1:2,500. Hapa ustadi unaonekana kwa jicho, kama mshono wa ndani wa kanzu.

Anza na kontua, ile mistari ya mwinuko. Kama haipo, uliza ilikwenda wapi. Kama ipo lakini barabara zimepigwa mraba juu yake bila kuitazama, jua kwamba masika ya kwanza barabara itageuka korongo. Mchoraji anayejua hulaza barabara ndogo zifuate mwinuko na huacha ile mikubwa ishuke pale ambapo maji tayari yana njia. Kisha tafuta mwisho wa maji. Mtaro umechorwa, sawa, unaishia wapi? Michoro mingi nzuri hukatisha mtaro kwenye ukingo wa karatasi, na kwenye ukingo wa karatasi ndipo anapokaa mtu mwingine.

Halafu maeneo ya wazi. Usihesabu ukubwa wake kwanza. Tazama yamekaa wapi. Likiwa ni pembetatu iliyobaki baada ya viwanja vyote kupimwa, nyuma ya kuta za watu, halina lango na halionekani kutoka barabarani, hilo limeshauzwa, bado tarehe tu. Eneo la wazi linalodumu limezungukwa na barabara, na nyumba zinalitazama kwa mbele. Mama aliye barazani anaona mtu akishusha tofali usiku. Watoto wana goli lao pale, na siku mtu akija na nguzo za uzio mtaa mzima unajua. Mchoraji anayelijua hili hatafuti askari wa kulinda uwanja. Anaugeuzia nyumba.

Vitu vidogo vingine: je, viwanja vya kona vimekatwa pembe ili dereva aone anayekuja? Je, shule ya msingi imewekwa mahali ambapo mtoto wa darasa la kwanza hatavuka barabara kuu? Je, sehemu ya msikiti, kanisa na soko imetajwa, au imeachwa ili watu waje kugombana baadaye? Je, viwanja ni vyembamba kwa mbele na virefu kwa nyuma? Hili la mwisho watu hulipuuza, na ni hela tupu: kiwanja chenye uso mpana hurefusha barabara, bomba na nguzo za umeme kwa kila nyumba, na gharama hiyo haina mwisho. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza 2002 kwenye maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Buyuni, ulipima ardhi vizuri na ukauza viwanja haraka. Lakini vingi vilikuwa vikubwa, barabara zikabaki za udongo, maji yakachelewa, na wanunuzi wengi wakaviweka tu kama akiba. Vichaka vilikaa miaka kwenye viwanja vyenye hati, huku wasio na hati wakijenga ng'ambo ya barabara.

Kuhusu maji ya mafuriko sitatumia maneno mengi, kwa sababu bonde la Msimbazi limeshasema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kila afisa anaikariri. Hata hivyo karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, bondeni kabisa, na tangu mabasi yaanze Mei 2016 imefurika mara kwa mara, huduma zikisimama na Barabara ya Morogoro ikifungwa. Mradi wa mabasi ulikuwa na wataalamu wake, bonde lilikuwa na wataalamu wake. Kazi ya mpangaji wa mkakati ni kuwakalisha hao wawili meza moja kabla zege halijamwagwa. Ukitaka kupima ofisi yake, uliza ni mradi gani wa idara nyingine aliwahi kuuhamisha mahali. Asiye na hata mmoja anapanga kwa kufuata nyuma.

Na ukisikia neno "kuwahamisha", ulizia umbali. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu 40, familia za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande. Viwanja vilikuwa vikavu, hilo halina ubishi. Lakini aliyekuwa akichoma mihogo Kariakoo alijikuta nauli inakula faida, na baadhi wakauza wakarudi walikotoka. Mpangaji hodari akimhamisha mtu huhesabu na kazi yake.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo ni la heshima zaidi, ndiyo maana husamehewa upesi: mpango mkubwa kupita mfuko. Mwaka 2008 Kigamboni ilitangazwa kuwa eneo la mji mpya, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri. Picha zilikuwa za minara ya vioo na bustani. Miaka ikapita, mtu ana nyumba inayovuja lakini haongezi chumba, hauzi kwa bei ya maana, wala hajui fidia inakuja au haiji. Daraja la Kigamboni lilikuja, 2016, likafanya kazi yake. Mji wa vioo haukuja. Ninapokutana na mpango unaoanza kwa zuio, hutafuta mstari mmoja: zuio linaisha lini hata kama hela hazikupatikana? Usipokuwepo, hatari yote amebebeshwa mwenye kiwanja.

Mwenye mpango ni nani? Swali hili linaonekana la kiutawala, lakini ndilo lililoamua hatima ya mipango mingi. Dodoma ilipoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, iliundiwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikapata mpango wake wa 1976, na mamlaka hiyo ikaishi hadi 2017 ilipovunjwa. Wakazi wengi waliichukia kwa ubomoaji na kwa hati zake za miaka 33, na walikuwa na sababu. Pamoja na hayo, ukienda Dodoma leo utaona hifadhi za barabara pana ambazo zilisubiri serikali ihamie kweli. Zilisubiri kwa sababu kulikuwa na mtu wa kusema hapana mwaka baada ya mwaka. Dar es Salaam, Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Mkoa ukabaki na halmashauri tano, kila moja na baraza lake na bajeti yake, na mpango mmoja wa hadi 2036. Mpimaji makini atamuuliza afisa wa Temeke nini kimepangwa Ubungo kinachomhusu. Jibu lisichukue muda.

Hapo tunafika kwa mtu mwenyewe. Usimpime kwa shahada, ingawa Chuo Kikuu Ardhi kimetoa wengi hodari. Nenda kamsikilize kwenye kamati ya mipangomiji, siku kuna ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi: mtu ana kiwanja cha makazi kando ya barabara, anataka kituo cha mafuta. Diwani anasema kitaleta mapato. Mwenyekiti anamgeukia, "Haya, mtaalamu, sheria inasemaje?" Afisa dhaifu husoma kifungu, akanyamaza, na ombi linapita kwa sababu kifungu kina "isipokuwa". Mwingine hukataa kwa kishindo, akatajwa kuwa ni adui wa maendeleo, na mwezi ujao ombi linarudi akiwa likizo. Niliowaona wakifaulu hufanya jambo la tatu. Huja na ramani ndogo ya vituo vilivyopo kwenye barabara ile, visima vya maji vya jirani, na shule. Na huja na kiwanja mbadala mkononi. "Waheshimiwa, mzee huyu tusimpoteze. Hapa pana shule mbele, lakini kule njia panda tulishatenga pa biashara, na mapato ni yaleyale." Diwani anabaki na mapato yake, mtaa unabaki na usalama wake, na hakuna aliyeshindwa hadharani.

Mwangalie pia akiwa mtaani. Anayeijua kazi hamwambii mwenyekiti wa serikali ya mtaa "tumekuja kuwashirikisha". Humsalimia, hukaa pale kwenye benchi, huuliza: "Shikamoo mzee. Masika maji hufika wapi hapa?" Mzee atanyanyuka amwonyeshe alama kwenye ukuta. Alama hiyo utaikuta baadaye kwenye mchoro wake, na hiyo ndiyo inayomtofautisha na yule aliyepiga picha ya mkutano na karatasi ya mahudhurio.

Zanzibar wamelipitia jambo hili la kuwasikiliza wakazi kutoka ncha hadi ncha. Chini ya Rais Abeid Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, ilipasuliwa kwa maghorofa marefu ya Michenzani yaliyopangwa kwa msalaba, nyumba za udongo zikaondoka na majirani wakatawanyika. Ukiyatazama kutoka angani yana nidhamu ya ajabu. Katika muongo uliopita, wapangaji wa Zanzibar walirudi Ng'ambo ileile na mpango walioupa jina Ng'ambo Tuitakayo, safari hii wakianza kwa kuorodhesha kilichopo: baraza, maskani, majumba ya sinema ya zamani, njia ambazo watu hupita kwa miguu. Majina ya mitaa yaliingia kwenye ramani kabla ya rangi.

Kama wewe ni mkazi wa Tanzania Bara na unataka kujaribu jicho lako, sheria iko upande wako: Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inataka rasimu ya mpango itangazwe na wananchi wapate nafasi ya kuiona na kuipinga. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri yako, omba mchoro wa mtaa wako, andika namba yake. Kisha omba orodha ya mabadiliko yaliyofanyika juu ya mchoro huo tangu ulipoidhinishwa, nani aliomba na kikao gani kilikubali. Ofisi yenye mpangaji wa kweli itakuletea jalada, hata kama litachukua hadi mchana. Ukiambiwa aliyekuwa nalo kahamishwa, chukua karatasi yako nyeupe, rudi mtaani, anza kuhesabu maeneo ya wazi yaliyoota kuta.